MJI WA GEDI NA HABARI ZILIZOLALA JAANI

Mtu akitaka kujua mfalme fulani alitawala miaka mingapi, ataitafuta habari hiyo kitabuni, na aghalabu ataipata. Lakini akitaka kujua mke wa mvuvi alipikia chungu cha namna gani, maji aliyateka wapi, na mgeni alipobisha hodi aliketishwa mahali gani, vitabu havitamsaidia sana. Walioandika zamani hawakuona kwamba mambo hayo yanastahili wino. Sisi makarani twalijua jambo hili vizuri. Daftari la serikali huonyesha jina la mwenye nyumba. Halimwonyeshi aliyeipaka chokaa wala aliyemchotea maji.

Hata hivyo habari hizo hazikupotea zote. Ziko ardhini, chini ya sakafu zilizobomoka, ndani ya visima vilivyojaa mchanga, na zaidi ya yote jaani, mahali kila nyumba ilipotupa taka zake. Kuna watu wenye elimu ya mambo ya kale ambao kazi yao ni kuchimba miji iliyohamwa ili kuzisoma habari hizo. Juma hili napenda, ndugu wasomaji, tuutazame mji mmoja wa pwani yetu, tuone ni mambo gani yaliyojulikana kwa njia hiyo, na ni watu gani waliokaribia kusahauliwa kabisa.

Mji usioandikwa

Mji huo ni Gedi, ulio maili kumi hivi kusini ya Malindi, mbali kidogo na bahari, karibu na Watamu. Magofu yake yamo ndani ya msitu, na ukuta wake wa nje unazunguka ekari zipatazo 45. Ndani yake mna msikiti mkubwa wa Ijumaa na misikiti mingine midogo, jumba la mtawala, nyumba nyingi za mawe, visima na makaburi. Kaburi mojawapo limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, ndio mwaka 1399.

Jambo la ajabu ni kwamba mji huu haukutajwa na Wareno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na wenzake wakakaa hapo miaka mingi hata wakahamia Mombasa mwaka 1593. Muda huo wote walikuwa mwendo wa saa chache tu kutoka Gedi, wala jina hilo halionekani katika maandiko yao. Mji ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, miti ikaota vyumbani, na mizizi ikapasua kuta. Wengine husema watu waliondoka kwa sababu maji ya visima yalizidi kushuka. Wengine husema ni kwa ajili ya vita na uvamizi wa nyakati zile. Huenda sababu zote mbili zilikutana.

Sir John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, aliyaona magofu hayo mwaka 1884. Mwaka 1927 yaliwekwa chini ya ulinzi, na mwaka 1948 Bwana James Kirkman alipewa kazi ya kuyatunza na kuyachimba. Akaifanya kazi hiyo miaka kumi. Basi habari nyingi za Gedi tulizo nazo hazikutoka katika karatasi. Zilitoka katika jembe dogo, ufagio na chekecheke.

Nyumba zilizopewa majina ya vitu

Bwana Kirkman hakuwa na njia ya kujua majina ya waliokuwa na nyumba hizo. Kwa hiyo aliziita kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kichina, Nyumba ya Kauri, na Nyumba ya Ushanga wa Venice. Majina haya yanapendeza, lakini pia yanafundisha. Mkasi watuambia kwamba palikuwa na mtu aliyekata nguo au nywele. Kijaluba cha pembe ya ndovu chatuambia kwamba palikuwa na mtu aliyekuwa na kitu kidogo cha thamani, akataka kukifunika. Ushanga wa Venice ulitoka Italia, ukavuka bahari mbili, ukapita mikono ya wafanya biashara wasiojuana, ukaishia shingoni mwa mtu wa Gedi.

Ziliokotwa pia sarafu za Kichina za wafalme wa Song, ambao enzi yao ilikwisha mwaka 1279. Nyumba zilimookotwa ni za baadaye. Maana yake ni kwamba sarafu hizo zilikaa mikononi mwa watu muda mrefu baada ya wafalme walioziamuru kufa.

Tukiziangalia nyumba zenyewe, twaona desturi ya watu wake kwa mpango wa vyumba tu. Kwanza mtu huingia kwa mlango mmoja akatokea uani, na ua huo umeshushwa chini kidogo kuliko vyumba. Kando yake pana kibaraza cha kukalia. Mgeni wa kawaida, au mtu aliyekuja kwa biashara, angeweza kumaliza shauri lake hapo, wala asiwaone watu wa ndani. Mbele ya ua kiko chumba kirefu, na nyuma yake viko vyumba vya kulala na cha akiba. Kadiri mtu alivyoingia ndani, ndivyo alivyokuwa wa karibu zaidi na wenyewe. Wasomaji waliofika Lamu watautambua mpango huu mara moja, maana nyumba za mawe za huko zilifuata nia hiyohiyo: mgeni apewe heshima yake, na jamaa wa nyumbani wapewe sitara yao.

Kutani mna vidaka vya kuwekea taa na vyombo, na mashimo ya vigingi vya kutundikia mazulia au vitambaa. Vyumba vingine vya akiba havina mlango wa kawaida. Aliyetaka kuingia alipita katika tundu lililo juu ukutani. Hapo twajifunza kwamba walikuwa na mali, na pia kwamba walikuwa na wezi.

Tena nyumba hizo zilikuwa na vyoo vya shimo ndani yake, vimejengwa kwa mawe, na kando yake mahali pa kutawadhia na kunawia. Njia za mji zilikuwa na mifereji ya kupitisha maji ya mvua. Msikiti mkubwa ulikuwa na kisima na birika lake, ili mtu ajitwaharishe kabla ya sala. Dini, adabu na afya vilikwenda pamoja, na vyote vitatu vyaonekana katika mahali maji yalipopita.

Chungu na bakuli

Wageni wanaozuru makumbusho husimama sana mbele ya bakuli za kaure za Kichina, kwa kuwa zang'aa. Lakini mchimbaji mwenye busara hutazama kwanza vigae vyeusi na vyekundu visivyong'aa, maana hivyo ndivyo vilivyo vingi mno. Katika miji ya kale ya pwani, sehemu kubwa sana ya vigae ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa, kwa udongo wa hapa, na kuchomwa kwa kuni za hapa. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Mabaki hayo yanaonyesha mji ulikula nini.

Kazi nzuri ya namna hii imefanyika katika kisiwa cha Pemba, ambako wataalamu walilinganisha makao mawili ya zamani, Tumbe na Chwaka. Tumbe ni ya kale zaidi. Chwaka ilifuata baadaye, kuanzia karne ya 11. Waliuchukua udongo wa mahali pa kupikia wakautia majini, na punje zilizoungua zikaelea juu. Katika makao ya kwanza nafaka iliyotangulia ni uwele. Katika yale ya baadaye mpunga umeushinda uwele. Hakuna mwandishi aliyetuandikia kwamba watu wa Pemba waligeuza chakula chao, lakini punje zilizoungua katika moto wa mama mpishi zimetoa ushahidi.

Na vyombo vyenyewe viligeuka. Hapo kwanza vyungu vya kupikia vilikuwa vingi na bakuli za kulia zilikuwa chache. Baadaye bakuli pana zikaongezeka, nyingine zimenakshiwa, na baina yake zimo za kigeni. Wenye elimu hiyo wamefahamu kwamba karamu zilipata nguvu. Mtu aliyewalisha watu wengi wali katika chombo kikubwa alijipatia jina na wafuasi. Sisi tunaokula sinia moja katika arusi na maulidi hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Twaona tu kwamba desturi yetu ina umri wa miaka mia nyingi.

Jambo jingine ni vigae vilivyochongwa vikawa duara, vikatobolewa katikati. Vimeokotwa katika miji mingi ya pwani. Hivyo ni vizito vya vijiti vya kusokotea nyuzi za pamba. Basi chungu kilipovunjika hakikutupwa chote; mtu mwenye kubana matumizi aliokota kipande akakifanya chombo cha kazi. Wareno walizitaja nguo nzuri za watu wa pwani. Kigae kilichotobolewa chatuonyesha mikono iliyozisokota nyuzi zake.

Waliokaa katika nyumba za udongo

Sasa nafika katika jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote.

Wachimbaji wa kwanza wa pwani walivutwa na mawe, na si ajabu, kwa kuwa mawe husimama na mtu huyaona. Bwana Kirkman alichimba msikiti, jumba na nyumba za matajiri zilizopakana nalo. Lakini ukuta wa Gedi unazunguka ekari nyingi kuliko zile zenye magofu ya mawe. Nafasi hiyo haikuwa tupu. Hapo walikaa watu katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti. Nyumba ya namna hiyo ikihamwa, mchwa hula fito, mvua huyeyusha udongo, na baada ya miaka michache majani huota juu yake. Basi mtu akihesabu mawe peke yake, atadhani Gedi ulikuwa mji wa mabwana wasio na wafinyanzi, wahunzi, wavuvi, wakulima wala watumwa. Hapana mji wa namna hiyo duniani.

Wasomaji wengi wa safu hii walizaliwa katika nyumba za fito na udongo, au wazee wao walizaliwa humo. Haifai tukubali kwamba aliyekaa katika nyumba hiyo hakuwa mtu wa mji, ati kwa sababu nyumba yake haikusimama miaka mia sita.

Kwa bahati njema elimu hii imesonga mbele. Katika kisiwa cha Pate, Bwana Mark Horton alichimba Shanga kuanzia mwaka 1980, akashuka tabaka baada ya tabaka. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti iliyotangulia, na chini kabisa alama za nguzo za miti, za karne ya 8. Mji wa mawe ulikuwa umezaliwa katika mji wa miti na udongo, mahali palepale.

Huko Songo Mnara, katika Tanzania karibu na Kilwa, wataalamu walianza mwaka 2009 kuchunguza nafasi zilizo wazi baina ya nyumba, ambazo zamani watu walizipita kana kwamba hazina kitu. Walitumia mitambo ipimayo ardhi bila kuichimba, wakaona alama za nyumba za udongo zisizoonekana kwa macho. Waliupima udongo wenyewe pia, kwa sababu mahali watu walipopika, walipotupa taka au walipofanya kazi ya mikono hubadilika asili ya udongo, na mabadiliko hayo hudumu karne nyingi. Kwa njia hiyo sakafu tupu husema ni wapi palikuwa jikoni na wapi palikuwa kiwandani.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Mji wa Herculaneum katika Italia ulifunikwa na mlima wa moto mwaka 79. Watu walistaajabia sanamu na majumba yake kwa muda mrefu. Lakini katika miaka yetu hii wataalamu waliuchunguza mtaro wa uchafu uliopita chini ya maduka na vyumba vya watu wa kawaida. Wakakuta miba ya samaki, mbegu za tini, maganda ya mayai na viungo. Wengi walikuwa wamedhani watu hao waliishi kwa uji tu. Kumbe chakula chao kilikuwa cha namna nyingi. Choo kiliwatetea watu ambao vitabu viliwanyamazia.

Mji ulikuwa wa nani?

Mwaka 1954 Bwana Kirkman alitoa kitabu chake juu ya Gedi, na katika jina la kitabu hicho aliuita mji wa Waarabu. Hivyo ndivyo wengi walivyofikiri siku zile: wakiona jengo la mawe lenye nakshi, husema hapana budi limeletwa na mgeni. Haifai tumlaumu sana mtu aliyeuokoa mji huo usimezwe na msitu. Lakini ushahidi uliopatikana baadaye umelipinga wazo hilo. Vyungu vingi ni vya hapa. Mawe ya matumbawe ni ya hapa. Miji kama Shanga ilikua polepole kutoka vibanda hata majumba, bila kushushwa merikebuni. Gedi nako kulichimbwa tena tangu mwaka 1999, na Bwana Stéphane Pradines, na tabaka za chini zikaonyesha kwamba watu walikaa hapo kabla ya majumba yanayoonekana leo.

Wageni walikuja, hapana shaka. Walileta vyombo, dini, na damu yao pia, wakaoa na kuzikwa hapa. Lakini waliingia katika mji wenye watu, wakapikiwa katika vyungu vya watu hao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walakini mwenyeji hana budi kuwapo kwanza.

Wajibu wetu

Mwaka 2024 Gedi uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima kubwa, lakini orodha hailindi kigae. Tunaolinda ni sisi wakaao karibu. Magofu mengi ya pwani yameharibika kwa sababu mbili: watu huchukua mawe yake wakajengee, au huchimba usiku wakitafuta dhahabu. Wa kwanza hupata mawe machache ambayo wangeweza kuyanunua. Wa pili kwa kawaida hapati kitu, lakini shimo lake huvuruga tabaka zote, za juu zikachanganyika na za chini.

Hasara hiyo karani ataielewa kwa mfano huu. Barua iliyomo ndani ya faili ina maana kwa sababu ya barua iliyotangulia na ile iliyofuata. Ukiichana na kuitupa mezani bila tarehe, hata iwe na maneno mazuri namna gani, haitakata kesi yo yote. Kadhalika bakuli la Kichina lililotolewa ardhini bila kuandikwa lilikaa wapi na karibu na kitu gani. Linaweza kuuzwa; haliwezi tena kutoa ushahidi.

Basi mkulima anayelima karibu na magofu, jembe lake likigonga ukuta, kaburi, au vigae vingi mahali pamoja, na asimame. Aache vitu vilivyo, aweke alama, akatoe habari kwa chifu au kwa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yamtaka mtu aliyevumbua vitu vya kale atoe habari zake. Asiogope kwamba vigae vyake ni vya vyungu vya kawaida visivyong'aa. Tumekwisha kuona kwamba hivyo ndivyo vyenye habari za watu wengi.

Na vijana wetu walio shuleni wasidhani kwamba kazi hii ni ya wageni tu. Mtoto aliyemwona nyanya yake akikuna nazi, akipepeta mpunga na kupanga mafiga atatambua jiko la kale upesi kuliko mtaalamu aliyejifunza mambo hayo ukubwani. Huo ni ujuzi, na unafaa kuongezwa elimu.

Nawaomba wasomaji wa Lamu, Tana, Kilifi, Mombasa na Kwale, mlio karibu na magofu kama Takwa, Mnarani, Jumba la Mtwana na mengine madogo yasiyo na kibao, mfanye jambo moja kabla ya mwaka kwisha. Waulizeni wazee majina ya visima, mitaa na makaburi ya hapo, nani alisemwa kukaa wapi, na watu walifanya kazi gani. Yaandikeni kwa hati inayosomeka, pamoja na jina la mzee aliyesimulia na tarehe. Udongo utatuhifadhia chungu, lakini hautatuhifadhia jina la aliyekifinyanga. Hilo ni juu yetu, na wazee hawatungoji.